Antorse: maumivu yakiisha, mguu bado haujapona

Vijana wa mpira, wa baskete, wa volei, nyote mnaocheza hapa Goma, leo naandika juu ya kuteguka kifundo cha mguu, ile kitu tunaita antorse. Mimi ni kine, kazi yangu ya kila siku ni kurudisha watu kwenye miguu yao baada ya kuumia, na wikendi nakuwa kando ya tereni na timu za kwartie, Himbi, Katindo, Ndosho, Majengo, popote wananiita, na jeraha ninaloliona kupita mengine yote njo hilo. Kisa kinakuwa kile kile. Kijana anateguka, mguu unavimba, anakaa nyumbani siku kumi hivi, uvimbe unashuka, anaweza kutembea bila kuchechemea, basi anavaa viatu anarudi kwenye mechi. Mwezi haujaisha ameteguka tena, mguu ule ule, upande ule ule. Watu wanaanza kusema amelogwa, ao ana mifupa laini, ao familia yao yote iko vile. Hapana jamani. Mguu wake haukumaliza kupona, alimaliza tu kuumwa, na hivyo ni vitu viwili mbali mbali kabisa. Kama utasoma sehemu moja tu ya hii andiko soma ile ya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, juu njo pale watu wetu wanapotea.

Wengi wanalaumu mawe. Ni kweli mji wetu umekaa juu ya volkano, lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ile ya Mei 2021 ikasimama pembeni kabisa upande wa kaskazini, na tereni nyingi za kwartie ni udongo mweusi kidogo tu uliomwagwa juu ya mawe, mvua ikinyesha mara mbili mawe yanatoa vichwa. Siwezi kusema mawe hayana kosa, na kochi ambaye anatuma vijana watembee tereni yote kuokota mawe kabla ya mazoezi anafanya kazi ya maana sana. Lakini muangalie baskete. Wanacheza juu ya simenti iliyo sawa, hakuna hata jiwe moja, na bado antorse ni nyingi, sababu mtu anaruka kuchukua mpira chini ya ringi, anashuka bila kuona, anakanyaga mguu wa mwenzake. Volei ni vile vile pale chini ya neti. Popote watu wanaruka na kugeuka haraka mahali padogo, vifundo vinateseka. Na tafiti zinaonyesha kwamba wasichana na watoto wanateguka zaidi kuliko wanaume wazima, kwa hiyo timu za dada zetu zisiwe njo za mwisho kupata mtu wa kuwaangalia, kama vile naona kila mara.

Sasa shika kifundo chako hapo ulipo. Kuna mfupa umetokeza upande wa ndani na mwingine upande wa nje. Weka kidole kwenye ncha ya kila mmoja, utasikia ule wa nje umeshuka chini kuliko wa ndani. Maana yake upande wa nje mfupa unazuia vizuri, upande wa ndani ni mfupi, kwa hiyo mguu unapata nafasi ya kugeuka unyayo ukiangalia ndani, na njo vile antorse nyingi zaidi zinatokea. Tena ligamenti, zile kamba ngumu zinazoshikanisha mfupa na mfupa, upande wa ndani ziko pana na nene, zina nguvu sana. Upande wa nje ziko tatu nyembamba: moja mbele, moja katikati inashuka mpaka kisigino, moja nyuma. Ya mbele njo dhaifu kupita zote, njo inachanika ya kwanza. Ya katikati inafuata kama mguu umegeuka kwa nguvu zaidi. Ya nyuma ni mara chache sana.

Na kuna sababu kwa nini inatokea wakati wa kushuka kutoka hewani. Ule mfupa wa kati ambao umeingia ndani ya kifundo uko mpana mbele na mwembamba nyuma. Vidole vikiangalia chini, kama vile mtu anaruka, sehemu nyembamba njo inaingia kwenye nafasi yake, kifundo kinakuwa na uhuru mwingi, kinalegea, na ligamenti ya mbele iko tayari imevutwa. Ukikanyaga vibaya saa hiyo, hakuna kitu kinakushika isipokuwa misuli ya upande wa nje wa muguu chini ya goti, na hiyo misuli lazima ipate habari mapema.

Hapa njo kuna siri yote. Ndani ya ligamenti kuna ncha za neva ambazo kila sekunde zinatuma habari kwa ubongo: mguu uko hivi, umeinama hivi, unaanza kugeuka, rudisha. Ligamenti ikichanika na zile neva zinaumia. Kidonda kinafunga, uvimbe unaisha, lakini habari zinaendelea kufika zikiwa zimechelewa, na misuli inaamka wakati mguu umeshageuka. Mtu anasema "nilikanyaga tu vizuri, sijui imekuwa aje". Ameshateguka tayari ubongo wake haujajua. Kitu ambacho kinatabiri antorse kuliko vingine ni antorse ya kwanza ambayo haikutunzwa.

Haya, mtu ameanguka. Kwetu hapa dakika ile ile watu kumi wanaingia tereni, mmoja anapiga kelele "mushipa yake imeruka, mumuvute!", mwingine ameshashika mguu anauzungusha. Tafadhali muache. Mguu usivutwe. Muweke mtu chini, mtoe kiatu taratibu, kochi ao kapiteni atoe watu pembeni, halafu kitu cha kwanza cha kujua ni kama kuna mfupa uliovunjika ao hapana.

Kuna kanuni nzuri sana ambayo madaktari wa Ottawa kule Kanada walitoa mwaka 1992, na inahitaji vidole vyako tu. Unabonyeza mfupa wenyewe, siyo nyama iliyovimba mbele yake. Bonyeza upande wa nyuma wa mfupa wa nje, kuanzia kwenye ncha kupanda juu sentimita 6. Fanya vile vile mfupa wa ndani. Halafu shuka kwenye mguu, ukingo wa nje, katikati ya kisigino na kidole kidogo, pale kuna kifupa kimetokeza, bonyeza pale. Mwisho upande wa ndani, juu, mbele kidogo ya kifundo. Kama sehemu moja kati ya hizo inauma mfupani, twende kupiga radio, ile picha ya mifupa. Na kama hakuweza kutembea hatua 4 pale pale alipoumia, na akifika hospitali bado hawezi hatua 4, radio pia. Akitembea huku anachechemea, inahesabika kama hatua. Kama hivyo vyote hakuna, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na familia haina haja ya kukopa pesa ya radio usiku ule.

Kanuni hiyo isitumiwe kwa mtu aliyelewa ao ambaye hasikii vizuri kwenye mguu. Na kwa watoto mimi naongeza uangalifu, sababu kwa mtoto ambaye bado anakua, ile sehemu ya mfupa inayokua karibu na kifundo inaweza kuwa dhaifu kuliko ligamenti, kwa hiyo kinachoonekana kama antorse kinaweza kuwa ni mfupa. Mtoto akiumwa pale mfupani, apelekwe. Na kama mguu umepinda, vidole vimekuwa baridi ao vyeupe, ama hasikii kitu, hiyo hakuna kubonyeza wala kungoja, ni hospitali moja kwa moja.

Tuje kwa maji ya moto, na hapa naongea na heshima yote kwa mama zetu na kwa wazee wanaokanda, sababu wanafanya kwa upendo na watu wengi wamelelewa na mikono hiyo. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta kijana amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, beseni ya maji yanayotoa moshi, chumvi ndani, kitambaa kinachochovywa kinawekwa juu ya kifundo, halafu mafuta, halafu vidole gumba viwili vinasukuma ule uvimbe kwa nguvu yote na ndugu wawili wanashika mabega yake. Asubuhi mguu umekuwa mara mbili. Sababu ni hii: ligamenti ikichanika na vijishipa vya damu vinachanika, damu inavuja ndani, mwili unatafuta kuifunga. Ukiweka moto vijishipa vinafunguka, ukikanda unapasua vile ambavyo vilikuwa vimeanza kufunga. Kwa hiyo siku mbili tatu za kwanza hakuna maji ya moto, hakuna kukanda, hakuna kuvuta, hakuna zile pomada zinazochoma, hakuna pombe, hakuna kukimbia "ili mguu usizoee". Mama akikuambia lazima akande, mwambie kwa upole, mama, tungoje wiki iishe, kisha utanikanda huu muguu upande wa nyuma, taratibu. Hiyo haina shida, inaweza hata kusaidia.

Kuhusu barafu. Tulisomeshwa wote ile njia ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu, ambayo dokta mmoja wa Marekani, Gabe Mirkin, aliieneza mwaka 1978. Mwaka 2014 yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Mwaka 2019 wakine wawili wa Kanada, Blaise Dubois na Jean-François Esculier, wakatoa mpango mwingine ambao unasema: linda mguu siku chache, uinue, ubane, usikimbilie dawa za kuzima uvimbe, halafu anza kuupa kazi mapema kidogo kidogo. Barafu hawakuiweka. Mimi ninavyofanya: barafu natumia kwa maumivu tu, dakika 10 mpaka 15, siku ya kwanza na ya pili. Nani ana friji ambayo inashika baridi siku nzima na huu umeme wetu? Tunanunua saché ya maji iliyoganda kwa mama anayeuza barabarani, tunaifunga na kitambaa chepesi, kamwe siyo barafu juu ya ngozi yenyewe, inachoma. Ukiikosa usisikitike, hujapoteza kitu kikubwa. Kubana na kuinua njo vinafanya kazi zaidi kwenye uvimbe.

Kubana, watu wanabana vibaya. Bandi velpo, ile bandeji ya kuvuta, inaanzia mbele, kwenye shina la vidole, siyo kwenye kifundo. Mguu uwe umekunjwa kama umesimama, vidole vikiangalia juu, usifunge mguu ukiwa umelala umenyooka. Zungusha mara mbili kwenye shina la vidole, halafu panda kwa mshazari juu ya mguu, zunguka nyuma ya kifundo, rudi mbele, pita chini ya unyayo, ukitoa umbo la nane, kila mzunguko ufunike nusu ya ule wa kwanza, na kisigino usikiache wazi. Inabana zaidi chini, inalegea ukienda juu. Ukibonyeza ukucha wa kidole gumba ukawa mweupe, ukiuachia lazima rangi irudi mara moja. Kama haurudi ao vidole vinafa ganzi, fungua uanze upya. Usiku legeza. Na ukilala weka mto ao blanketi iliyokunjwa chini ya muguu, kifundo kiwe juu kuliko moyo, siyo kuweka mguu kwenye kastuli huku umekaa unaangalia mechi, hiyo haifikishi.

Dawa: parasetamol inatosha kwa wengi. Ibuprofene na diklofenake zinapunguza maumivu lakini zinaumiza tumbo na mafigo kwa watu fulani, na zinauzwa kwenye kila kona kama pipi, usimeze wiki mbili mfululizo bila mtu wa afya kukuangalia. Kinachonihuzunisha zaidi ni ile sindano ya maumivu ambayo mchezaji anachomwa saa moja kabla ya mechi ili "asisikie". Maumivu njo askari pekee aliyebaki kwenye mguu ule ambao neva zake tayari zinachelewesha habari, na wewe unamfukuza kazi uende kucheza dakika 90. Kochi anayekubali hivyo, namuomba afikirie kama angekubali kwa mtoto wake.

Halafu kuna kufunga platri, ile plasta ngumu. Kwa antorse nyingi haina faida, kuweka mguu mwezi mzima ndani ya platri kunakausha misuli na kukaza kifundo. Lakini ile kali, ambayo mtu hawezi kabisa kukanyaga, utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2009 ulionyesha kwamba platri ya siku 10 chini ya goti ilisaidia watu kurudi vizuri kuliko bandeji ya kuvuta peke yake. Siku 10, siyo wiki sita. Nje ya hapo, magongo ya kutembelea siku mbili tatu, ukikanyaga kidogo kadiri unavyoweza, na kila siku uzito zaidi. Daktari ao kine anaweza kupima ligamenti vizuri zaidi baada ya siku 4 ao 5, uvimbe ukiwa umeshuka, kwa hiyo rudi kuonyesha hata kama siku ya kwanza walikuambia hakuna mfupa uliovunjika. Ndogo inaweza kuchukua wiki moja ao mbili, ya katikati wiki 3 mpaka 6, kali miezi miwili mitatu.

Sasa kazi yenyewe. Kuanzia siku ya pili ao ya tatu, ukiwa umelala, sogeza mguu juu na chini, chora herufi hewani kwa kidole gumba, bila kulazimisha. Ukiweza kusimama, fanya zoezi la ukuta: simama mbele ya ukuta, mguu ulioumia mbele, kisigino kisitoke chini, peleka goti liguse ukuta. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka pale goti linagusa kwa shida, pima umbali kutoka kidole mpaka ukuta, kisha pima mguu mzima. Wengi watashangaa tofauti. Kifundo ambacho hakikunji vizuri kinafanya mtu ashuke vibaya akiruka, kwa hiyo fanya hilo kila siku mpaka miguu yote miwili ilingane ao ibaki tofauti ya sentimita moja tu.

Misuli ya nje nayo inahitaji nguvu. Hakuna haja ya lastiki za duka. Nenda kwa mtengenezaji wa baiskeli, omba mpira wa ndani wa tairi uliochakaa, ukate kamba ya kama metre moja, funga ncha mbili upate duara. Upande mmoja kwenye mguu wa meza ao wa kitanda, upande mwingine kwenye mguu wako karibu na vidole, kaa chini, goti limenyooka na limetulia, vuta mguu kwenda nje taratibu, hesabu mpaka tatu, rudisha polepole zaidi kuliko ulivyovuta. Mara 15, pumzika, rudia mara tatu. Ule mpira unanuka na unaacha weusi kwenye ngozi, vaa soksi. Halafu kupanda juu ya vidole, kwanza miguu miwili, kisha mguu mmoja peke yake, mpaka ufike 20 bila kuyumba.

Na kusimama kwa mguu mmoja. Vua viatu, simama kwa mguu ulioumia, goti likunjwe kidogo, mikono kiunoni, sekunde 30. Ukiweza bila kugusa chini, funga macho. Hapo njo utaona. Wachezaji wenye misuli ya paja kama mti wanashindwa hata sekunde tano, wanacheka, wanajaribu tena, wanaanguka tena. Wiki inayofuata simama juu ya blanketi iliyokunjwa mara nne. Kisha mwenzako akurushie mpira, kushoto, kulia, chini. Kisha mguu ule mwingine unyooshwe mbele, pembeni, nyuma, mbali kadiri unavyoweza, bila kisigino cha mguu uliosimamia kutoka chini. Fanya hivyo wiki 8, na usiache sababu unajisikia vizuri. Waholanzi walifuata wanamichezo 522 waliokuwa wametoka kuteguka, nusu wakapewa mazoezi ya usawa ya wiki 8 wafanye wenyewe nyumbani, bila kine, bila mashine, na matokeo yalitoka 2009: waliofanya walipunguza hatari ya kuteguka tena kwa asilimia 35. Nyumbani kwao! Kitu kama hicho kinafaa Goma kupita mahali pote, hakuna dola hata moja inayohitajika.

Kurudi kucheza siyo tarehe. Kochi ananipigia, "kine, Jumapili tuko na derbi, atacheza?", na mimi namjibu na maswali. Anaruka kwa mguu mmoja mara 10 mfululizo bila maumivu na bila woga? Anapanda vidole sawa na mguu mwingine? Anakimbia kwa zigizagi, anasimama ghafla, anageuka pande zote? Amefanya mazoezi kamili na timu, siyo kukimbia pembeni peke yake? Jibu likiwa hapana mahali fulani, bado. Hata wakubwa wenye madaktari wanarudi wakiteseka: Neymar aliteguka kifundo cha kulia tarehe 24 Novemba 2022 dhidi ya Serbia kwenye Kombe la Dunia, akakosa mechi mbili, akarudi tarehe 5 Desemba na akafunga penalti dhidi ya Korea Kusini, tukafurahi wote. Februari 2023 kifundo kile kile cha kulia kikaenda tena akichezea Paris, na Machi akapasuliwa. Sisemi moja ilileta nyingine, mimi sikuwa ndani ya mguu wake. Nasema tu kwamba kifundo kilichoumia kinataka kufuatwa kwa miezi mingi, hata kwa mtu aliye na kila kitu.

Kuna aina moja ambayo inadanganya. Mguu umebaki chini, mwili ukazunguka, mguu ukageuka kwenda nje, na maumivu yako juu ya kifundo, mbele, katikati ya ile mifupa miwili ya muguu. Uvimbe unaweza kuwa mdogo. Hiyo ni antorse ya juu, ligamenti zinazoshikanisha mifupa hiyo miwili njo zimeumia, na inachukua muda mrefu zaidi, wakati mwingine inahitaji upasuaji. Usiifanyie haraka. Vile vile mtu ambaye wiki sita zimepita na bado kuna maumivu ndani, ao kifundo kinakwama, ao kinamuangusha hata akitembea barabarani, aonane na daktari wa mifupa. Wengi wao hawatapasuliwa, lakini lazima kuangalia kama kuna kipande cha gegedu kilichovunjika ambacho radio ya kwanza haikuonyesha.

Kwa timu nzima, kabla mtu hajaumia, kuna ile programu ya FIFA ya kupasha mwili moto, dakika 20: kukimbia, mazoezi ya nguvu, ya usawa na ya kuruka, kisha kukimbia tena. Norway waliijaribu kwa wasichana wa miaka 13 mpaka 17, matokeo yalitoka 2008, majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi moja. Inataka kufanywa angalau mara mbili kwa wiki na kwa makini, magoti yasiingie ndani mtu akishuka. Hapa kwetu kupasha mwili moto kunakuwa kuzunguka tereni mara mbili na kupiga mashuti golini, hiyo haijengi kitu.

Viatu, wengi tunavaa vya chagua, yaani mitumba, hakuna aibu, ila angalia soli isiwe imekwisha upande mmoja, sababu mwenye nacho wa kwanza alikuwa akiegemea upande ule na wewe utaegemea pia. Bonyeza kisigino cha kiatu, kikilala kabisa kiache. Baskete, wengi wanaamini kiatu kirefu kinatosha kuzuia, mimi siamini sana. Kinachosaidia kweli ni sheviyeri ya kamba, kishikio cha kifundo, ile unafunga kama kiatu juu ya soksi: Marekani, jimbo la Wisconsin, walifuata wachezaji wa baskete 1460 wa shule za sekondari, matokeo 2011, waliovaa waliumia vifundo mara tatu pungufu. Na haidhoofishi mguu kama watu wanavyosema, mradi mazoezi yaendelee. Stephen Curry alipasuliwa kifundo cha kulia 2011 na tena 2012, watu wakafikiri amekwisha, akajenga nguvu ya nyonga na tumbo, na tangu hapo anacheza na sheviyeri. Strapingi, ile plasta ya kunata ya kufunga kifundo, nayo inasaidia, ila inalegea mtu akitoka jasho na rola moja inaisha haraka, ni ghali kwa timu ya kwartie.

Kama timu iko na pesa kidogo msimu huu, mimi ningenunua sheviyeri kwa wale walioteguka mwaka jana na mwaka huu, wao kwanza, kabla ya jezi mpya, pamoja na bandi velpo nne za sentimita 10 kwenye mfuko wa kapiteni. Zinafuliwa, zinakauka kivulini, zinatumika tena. Na ikiwa kuna kochi anataka niwaonyeshe vijana wake lile umbo la nane na zoezi la ukuta, nakuja, Jumamosi asubuhi kabla ya saa mbili njo niko huru, alete tu ile mipira ya ndani ya tairi.